Anayejifunza uchawi peke yake na anayesingiziwa uchawi: kanisa liwatofautishe

Katika makanisa yetu ya Tshopo, Maniema, Ituri na Kivu, neno “mchawi” hutumika kwa watu wawili ambao hawafanani. Wa kwanza ni mtu aliyeamua kwa hiari yake kutafuta nguvu za siri. Anasoma, anajaribu, anarudia, anaongeza ujuzi kidogo kidogo, na mara nyingi hana mwalimu. Wa pili ni mtu ambaye hakutafuta kitu chochote. Ni mtoto, mjane au mzee aliyenyooshewa kidole na jirani zake baada ya kifo au ugonjwa.

Makala hii inawaeleza wote wawili, kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi na vikundi vya maombi. Kanisa linapowachanganya, wa kwanza hakosi wa kumkemea lakini hapati mchungaji, na wa pili hapati mtu wa kumlinda.

Maneno tunayotumia

Huku Ubundu mtu anaweza kuanza sentensi kwa Kiswahili, akaingiza Lingala na kumalizia kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo ni vizuri kuyapanga maneno kwanza.

“Mchawi”, “mulozi” na “ndoki” yote humtaja mtu anayeaminiwa kuwadhuru wengine kwa siri. “Nganga” au “mganga” ni yule anayeendewa ili kutibu, kupiga ramli au kukinga. “Dawa” ni neno pana kuliko yote: linabeba kidonge cha hospitali, mzizi wa msituni na hata hirizi inayofungwa mkononi.

Upana huo una hatari yake. Mama anayechemsha majani kwa ajili ya tumbo la mtoto hafanyi uchawi. Kinini, iliyowaokoa wengi wetu na malaria, hutoka katika gamba la mti wa sinkona, na mti huo hulimwa Kivu. Kujua miti ni kujua kazi ya Muumba. Swali la imani huanza pale mtu anapoufanya mti, mfupa, mshumaa au maneno fulani kuwa chombo cha kumwamuru mtu mwingine, kulazimisha mambo yajayo au kuzungumza na wafu.

Zamani nguvu hazikutafutwa na mtu mmoja

Mwaka 1937 mtafiti Mwingereza, Evans-Pritchard, alitoa kitabu juu ya Wazande, watu wanaoishi kaskazini yetu katika Uele na kuvuka hadi Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Alionyesha kwamba wao wenyewe walitenganisha mambo mawili. La kwanza waliliita mangu, kitu walichosema kiko tumboni mwa mtu na hurithiwa, mwana kutoka kwa baba na binti kutoka kwa mama. Mtu angeweza kuwa nacho bila kujua. La pili waliliita ngua, yaani dawa zenye kanuni zake, ambazo mtu hujifunza au hununua kwa anayezijua.

Tofauti hiyo inatusaidia hata sisi tusio Wazande. Kinachosemwa kuwa cha kuzaliwa nacho hakiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Mshtakiwa hana la kujitetea, kwa sababu hata kutojua kwake hakumwokoi. Lakini kinachojifunzwa ni tendo: kina mahali pa kuanzia, kina vifaa, na mwenye kukitenda anaweza kukiacha.

Katika eneo la Ubundu, kwa Wakumu, Walengola na Wamituku, maarifa makubwa ya jamii hayakuwa mali ya mtu mmoja. Jando la Wakumu, ambalo Wauthier de Mahieu aliliandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1985, lilikuwa kazi ya ukoo na wazee, lenye wakati wake na mahali pake. Mganga naye alikuwa na mtu aliyemfundisha, na kijiji kilimjua. Alipokosea, palikuwa na wa kumwuliza. Sisemi kwamba yote yale yalikuwa mema mbele za Mungu. Nasema tu kwamba hayakufanyika chumbani, mlango ukiwa umefungwa, bila shahidi.

Mwanafunzi asiye na mwalimu

Njia ya upweke ina historia fupi, na ilianzia mbali. Uingereza ilifuta sheria yake ya zamani juu ya uchawi mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye, 1954, Gerald Gardner akatoa kitabu kilichotangaza dini mpya inayoitwa Wicca, ambayo wafuasi wake hujiita wachawi bila kuona aibu. Mwanzoni mtu aliingizwa na kikundi. Mwaka 1988 Mmarekani Scott Cunningham aliwaandikia wale wanaotaka kufanya ibada hiyo peke yao, na tangu hapo maelfu wamejifunza bila kikundi. Wengi wao husema hawataki kumdhuru mtu yeyote, na haifai tuwazulie. Lakini ndivyo lilivyoenea wazo kwamba mtu anaweza kujifanya mchawi kwa kitabu, daftari na mazoezi.

Wazo hilo linatufikia. Mtandao ukiwa dhaifu Ubundu, video hupakuliwa Kisangani na kusafiri ndani ya kadi ya simu, kwa pikipiki au kwa mtumbwi. Pamoja nazo huja vitabu vya Kifaransa vya siri, na kile kinachoitwa kitabu cha sita na cha saba cha Musa. Mkristo ajue kwamba Musa hakuandika kitabu hicho: kilichapishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1849, kisha kikaenea katika masoko mengi ya Afrika.

Kijana anayeingia humo haanzi na mambo ya kutisha. Anaanza na daftari. Anaandika siku za mwezi, rangi za mishumaa, majina ya majani, maneno ya kurudia. Anaambiwa asome Zaburi fulani mara saba usiku wa manane mbele ya glasi ya maji. Akiona ndoto, anaiandika. Mtihani ukienda vizuri, anaandika pia. Mtihani ukienda vibaya, anaambiwa hakutulia vya kutosha, aongeze mazoezi.

Tuseme wazi: sehemu ya mafunzo hayo anaikuta hata kwetu. Katika vyumba vingi vya maombi mwamini huagizwa chumvi, mafuta, mshumaa, kitambaa, na Zaburi ya kusoma kwa hesabu. Kijana aliyezoezwa kwamba Neno la Mungu hufanya kazi kwa idadi na kwa saa hahitaji kuruka mbali ili afike kwenye kile kitabu cha Stuttgart. Zaburi ni maombi, na mwombaji husubiri jibu la Bwana wake. Ikigeuzwa ufunguo wa kulazimisha mlango, haiwi sala tena.

Ngazi isiyo na mwisho

Anayejifunza peke yake huvutwa na kitu kimoja kikubwa: anaona anakua. Jana hakujua, leo anajua, kesho atajua zaidi. Tusimcheke, maana kila mtu anataka kukua. Lakini tumwonyeshe jinsi ngazi hiyo ilivyojengwa.

Watu wa Kisangani wanao mfano wao. Tarehe 5 Agosti 1964 wapiganaji wa Simba waliuteka mji, ambao wakati huo uliitwa Stanleyville. Walikuwa wamepewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, pamoja na miiko mingi: mpiganaji asigeuke nyuma, asiguse mwanamke, asishike baadhi ya vitu. Mwenzao alipoanguka kwa risasi, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko. Hivyo dawa haikushindwa hata siku moja. Walioshindwa ni waliokufa. Hadi tarehe 24 Novemba mwaka huo, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka mjini, vijana wengi walikuwa wamelipa kwa damu somo ambalo hawakuruhusiwa kulisema.

Mazoezi ya upweke hufuata hesabu ile ile. Kikifanikiwa kitu, sifa ni za ibada. Kikishindikana, lawama ni za mwanafunzi. Mahali ambapo kushindwa hakuruhusiwi kufundisha chochote, mtu hakui, anazunguka. Na kwa kuwa yuko peke yake, hana wa kumwambia kwamba amepita hapo jana. Wahenga walisema mganga hajigangi.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Majani na mizizi isiyojulikana huua kweli. Mtu anayejaribu dawa juu yake mwenyewe, au juu ya mtoto wa dada yake, anaweza kuharibu ini au figo kabla hata ya kujua alichofanya. Na kijiji kikigundua daftari lake, hakitauliza kama alitaka mema au mabaya.

Anayesingiziwa

Sasa tumtazame mtu wa pili. Mwezi Juni 2001, katika eneo la Aru huko Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa siku chache kwa sababu walitajwa kuwa wachawi. Septemba 2021, Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa baada ya kutajwa na watu waliojiita manabii. Mwezi Mei 2008, Kisii nchini Kenya, wazee 11 walichomwa moto. Hakuna aliyeonyesha daftari, mshumaa wala kitabu cha mmoja wao.

Katika miji ya Kongo, wanaotajwa sana ni watoto. Shirika la Human Rights Watch lilieleza habari zao mwaka 2006, na UNICEF ikaziandika tena mwaka 2010 kwa Afrika ya Kati na Magharibi. “Dalili” zinazotajwa zinafanana kila mahali: mtoto anakojoa kitandani, anaongea usingizini, ni mkaidi, ni mwerevu kupita kiasi, ana ulemavu, au ana kifafa. Wengi ni yatima wanaokaa kwa mjomba au kwa mama wa kambo, katika nyumba ambayo chakula hakitoshi. Kumwita mchawi kunapunguza sahani moja mezani, na hakuna anayelazimika kukiri kwamba sababu ilikuwa njaa.

Kuhusu kifafa, mchungaji wa Tshopo anapaswa kujua jambo moja la uhakika. Inzi wadogo weusi wanaozaliana penye maji yaendayo kasi hueneza usubi, ambao wengi huuita upofu wa mito. Watafiti waliofanya kazi Tshopo, Bas-Uele na Ituri wamekuta kifafa kwa wingi katika vijiji vyenye usubi mwingi. Kwa hiyo nyumba tatu za kijiji kimoja cha kando ya mto zinaweza kuwa na watoto wanaoanguka, bila mtu yeyote kuwaroga. Dawa ya Mectizan inayogawiwa vijijini hupunguza usubi, na dawa za kifafa kama fenobabitali huwasaidia wengi wakizimeza kila siku bila kukatiza. Mchungaji anayesema hivyo katika mahubiri amefanya kazi kubwa ya kufukuza pepo wa hofu.

Sheria ya nchi inasemaje

Sheria ya Kongo haijadili kama uchawi upo au haupo. Inaangalia matendo. Mambo matatu yajulikane katika kila parokia.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi na kuagiza sheria iadhibu jambo hilo.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inasema katika kifungu cha 160 kwamba anayemshtaki mtoto uchawi afungwe mwaka 1 hadi 3 na kulipa faini ya franka za Kongo 200.000 hadi 1.000.000. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria haikumtoa mchungaji, nabii wala mjomba.

Kanuni ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, katika kifungu cha 57, inakataza kumtesa mtu kwa majaribio ya kishirikina ili kujua kama ana hatia, hata kama mwenyewe amekubali. Kumnywesha mtu kitu ili “kuonekane”, au kumchoma ili akiri, ni kosa. Kumfungia mtoto siku nyingi bila chakula kwa jina la maombi ni mateso, hata kama nyimbo zinaimbwa.

Maandiko yanasemaje

Wengi hukimbilia Kutoka 22:18, wakisema mchawi asiachwe hai. Sheria hiyo hiyo ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 19:15-19, inadai mashahidi wawili au watatu kwa kosa lolote, na inaagiza shahidi wa uongo apewe adhabu aliyomtakia mwenzake. Ndoto haikuhesabiwa kuwa shahidi. Tukitaka kuitumia aya moja, tuichukue na jirani yake.

Kumbukumbu 18:10-12 inawakataza watu wa Mungu kufanya uchawi, na pia kupiga ramli na kutaka habari kwa wafu. Aya hizo zinamgusa kijana mwenye daftari. Lakini zinamgusa vilevile mzazi anayekwenda kwa mwonaji usiku ili aonyeshwe nani alikula mtoto wake. Anayempiga jiwe “mchawi” aliyetajwa na mwaguzi amevunja kifungu kile kile anachodai kukilinda.

Sauli ni mfano wa yule wa kwanza. Katika 1 Samweli 28 anakwenda Endori usiku, amebadili mavazi. Andiko linatuambia kwa nini: aliogopa, na hakupata jibu. Wengi wanaoanza mazoezi ya siri wako hapo hapo. Kabla ya kuwa waasi walikuwa watu wenye hofu waliokaa kimya.

Matendo 19:18-19 inatupa mwisho mwema. Huko Efeso wengi walileta vitabu vyao vya uganga na kuvichoma, na thamani yake ilifika vipande 50.000 vya fedha. Tuangalie nani alifanya nini. Walioamini walikiri matendo yao wenyewe na kuleta vitabu vyao wenyewe. Hatusomi kwamba Paulo alipita nyumba kwa nyumba, wala kwamba mmoja alimtaja jirani yake. Toba ilikuwa na jina moja tu, la mwenye kutubu.

Kanisa lifanye nini

Kwa anayejifunza peke yake:

1. Asikilizwe faragha na mchungaji pamoja na mzee mmoja mwenye busara. Siri yake itunzwe.

2. Aulizwe alitafuta nini: afya, kazi, mtihani, mapenzi, kisasi au usalama? Haja hiyo ndiyo itakayombakia hata akiacha mishumaa, na ndiyo itakayomrudisha ikiwa hakuna aliyeigusa.

3. Asitakiwe kutoa ushuhuda mbele ya watu. Katika kijiji chenye hofu, ushuhuda unaweza kuwa hukumu ya kifo. Na kamwe asiulizwe, “Uko na nani?”

4. Vitu vyake avitoe mwenyewe, wakati wake, bila mabavu na bila kamera ya simu.

5. Ikiwa amempa mtu sumu au amemdhuru, hilo ni kosa la jinai. Mgonjwa apelekwe hospitali na jambo lifike kwa vyombo vya sheria. Maombi hayafuti haki ya aliyeumizwa.

6. Apewe kazi ya mikono na ya kila siku. Alizoea kufanya jambo kila usiku. Tukimpa marufuku tu, usiku wake utabaki mtupu. Apewe mwenzi wa sala kwa saa maalum, Injili moja ya kusoma pole pole, mgonjwa mmoja wa kumtembelea kila juma, shamba la mjane la kulima. Anayependa majani aunganishwe na muuguzi wa kituo cha afya au mtu anayejua miti na kuyafanya yake mchana. Kukua kwa Mkristo kunahitaji mazoezi pia, lakini hufanyika pamoja na wengine, na matunda yake hupimwa na wengine.

Kwa anayesingiziwa:

1. Alindwe usiku ule ule, kabla ya kikao chochote. Nyumba ya mchungaji au ya mzee wa kanisa iwe wazi kwake.

2. Apelekwe kituo cha afya ikiwa ameumizwa au ana kifafa, na yule aliye mgonjwa katika familia naye apelekwe.

3. Shefu wa kijiji, polisi na ofisi ya Mambo ya Kijamii waarifiwe. Kwa mtoto, mahakama ya watoto ndiyo yenye neno.

4. Asifanyiwe maombi ya “kumkomboa” mbele ya waliomshtaki. Maombi hayo huonekana kama kanisa limethibitisha shtaka.

5. Katika matanga, mhubiri asitoe sentensi yoyote inayomtafuta mhusika wa kifo. Maneno kama “adui yuko humu ndani” yameua watu.

6. Kurudi nyumbani kusiharakishwe. Familia itembelewe kwa miezi, na njaa yake ishughulikiwe, kwa maana mara nyingi shtaka lilianzia jikoni.

Wazee wetu walikuwa na msemo: mchawi mpe mwana alee. Maana yake, yule unayemshuku mkabidhi kilicho chako cha thamani, naye atakilinda kwa sababu akipatwa na neno ataulizwa yeye. Kanisa linaweza kwenda mbele zaidi. Anayetafuta nguvu gizani tumkabidhi kazi ya mchana, na anayesingiziwa tumpe kiti katikati yetu Jumapili ijayo, pale ambapo kila mtu atamwona amekaa karibu na mchungaji.